Waketishe mafundi pamoja kabla hujachimba msingi

Kila kaskazi, msimu wetu wa joto, ikiingia napigiwa simu na watu waliohamia nyumba mpya, wanataka niwaambie wanunue feni gani au kiyoyozi gani. Mimi ni fundi sanifu wa majengo. Nilisoma Chuo cha Karume pale Mbweni, nikarudi kwetu Wete, Pemba, na kazi yangu ni kuchora na kusimamia nyumba za watu wa kipato cha kawaida: walimu, wavuvi, wachuuzi wa sokoni, wakulima wa karafuu wanaopandisha chumba kimoja kila msimu ukiwa mzuri. Wale wa simu huwaambia kwamba joto la nyumba yao liliamuliwa zamani, siku waliyomwita mwashi peke yake.

Tazama tunavyojenga. Mwashi huja kwanza, huchimba, hupandisha ukuta, huenda zake. Seremala hukuta ukuta umeshafika pale ulipofika, akaezeka kwa kipimo alichokikuta. Fundi umeme hukuta plasta imeshakauka, akachukua tindo na nyundo akaanza kuubomoa ukuta mpya. Fundi bomba hukuta choo kiko pembe hii na jiko pembe ile, na mwenye nyumba hununua mipira ya kuzunguka nyumba nzima. Kila mmoja ni hodari wa kazi yake, na nyumba bado hutoka mbaya. Joto na gharama hukaa pale kazi ya mmoja inapokutana na ya mwenzake, kwenye ukuta na paa, paa na dari, dari na waya, upenu na tangi la maji. Pale hapana mwenyewe.

Jambo hili naliona zito kwa sababu umeme wetu haukuzalishwa hapa. Pemba tunaupata kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Ndugu zetu wa Unguja wanaikumbuka Disemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme kutoka bara ilipoharibika na kisiwa kikakaa kiasi cha miezi 3 bila umeme, tena katika kaskazi yenyewe. Nyumba ambayo haivuti pumzi bila feni haimsaidii mtu siku kama hizo. Na hata umeme ukiwapo, kiyoyozi cha BTU 12,000 hula wati 1,000 na zaidi, ilhali feni ya dari hula wati 60 hadi 75. Anayetia umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla ya kutumia, kwa shilingi za kuokoteza anajua tofauti hiyo inaumiza wapi.

Nani aitwe, na alipwe

Waite mwashi, seremala, fundi umeme na fundi bomba siku moja, kwenye kiwanja chenyewe. Mwite atakayepika ndani ya nyumba hiyo, si atakayelipa tu. Mwite mzee mmoja wa mtaa anayejua maji ya masika hupita wapi. Kama kuna bwana afya wa shehia anayepatikana, mwombe apite, kwa sababu suala la shimo la choo na kisima halifai kubahatishwa: shimo lisipungue mita 30 kutoka kisimani, na liwe upande wa chini wa mteremko. Kwa sheha utakwenda tu kutafuta barua ya kibali, basi mpelekee mchoro baada ya kikao hiki, si kabla.

Walipe mafundi siku hiyo. Nasisitiza, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapofanya ubakhili. Fundi aliyeacha kibarua chake kuja kukaa mkekani bure atakaa nusu saa, ataitikia kila kitu, ataondoka. Ukimlipa siku yake, atakupa akili yake. Malipo ya mafundi 4 kwa siku moja ni madogo ukilinganisha na ukuta mmoja wa kubomoa.

Mkishakaa, kila fundi aulizwe maswali matatu mbele ya wenzake. Unataka ukute nini ukija? Utamwachia nini anayekufuata? Na kitu gani mwenzako akikikosea, wewe huwezi tena kukirekebisha? Hilo la mwisho ndilo linalofungua midomo. Niliwahi kumsikia fundi umeme mmoja akimwambia mwashi waliyefanya kazi pamoja miaka mingi, "Kaka, wewe hujapata kuniachia nafasi ya paipu kwenye ringi bimu hata mara moja." Ringi bimu ni ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, na paipu ndimo waya hupita. Mwashi alikuwa hajui kwamba nafasi hiyo inahitajika. Hakuna aliyemwambia.

Majibu yaandikwe kwenye daftari moja litakalokaa kwa mwenye nyumba, kwa maneno ya kawaida, na kila fundi atie jina lake.

Chora nyumba juu ya ardhi, uwashe makumbi

Karatasi inawasaidia wanaoisoma. Wengi hawaisomi, na si aibu. Mimi huchora nyumba nzima kiwanjani kwa kamba na majivu, kwa ukubwa wake halisi, milango na madirisha yakiwa nafasi za wazi.

Nichukue mfano wa nyumba moja ya Jadida, hapa Wete, ya mwalimu wa skuli na mama yake. Tulipomaliza kuchora, mama mtu aliingia kwenye alama ya jiko, akaketi juu ya kibao cha mbuzi alichokuja nacho, akageuka huku na huku. "Mwanangu," akaniambia, "hapa moshi wote utaniingilia ukumbini."

Mwashi akasema, "Bi mkubwa, jiko siku zote tunaliweka huku nyuma."

"Nyuma ya wapi? Upepo unaijua barabara?"

Basi tukawasha makumbi ya nazi. Huu ndio ukaguzi ninaouamini kuliko wote, na hauna gharama. Weka rundo dogo la makumbi makavu kwenye pembe ya kiwanja, yawashe, kisha yamwagie maji kidogo yatoe moshi mzito, utazame unakwenda wapi. Fanya asubuhi, fanya mchana, fanya baada ya magharibi, maana upepo wa usiku ndio utakaolala nao. Moshi wa Jadida ulipita moja kwa moja juu ya majivu ya ukumbi, kama alivyosema.

Kuna jambo la visiwani kwetu linalorahisisha uamuzi huu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi hutoka kusini na kusini mashariki. Pepo zote mbili, kwa sehemu kubwa ya mwaka, zina upande wa mashariki ndani yake. Kwa hiyo jiko likiwekwa magharibi mwa nyumba, moshi na joto lake hutoka nje misimu yote miwili. Na magharibi ndiko jua kali la alasiri linakopiga. Ukiweka jiko, stoo na bafu huko, vyumba hivyo vinapokea jua kwa niaba ya vyumba vya kulala. Mama alikuwa anawaza moshi. Mimi nilikuwa nawaza jua. Tukafika pembe moja.

Nyumba yenyewe ilazwe mashariki kwa magharibi, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na iwe nyembamba: chumba kimoja kwa upana, na ukumbi au baraza ubavuni mwake. Upepo ukiingia dirisha la kaskazini uone njia ya kutokea kusini bila kugonga milango miwili. Madirisha yale ya vioo vya kusukuma yanapendeza, lakini nusu yake huwa imefungwa daima. Kwa pesa ileile utapata dirisha la mbao la kufunguka lote, lenye vibao vya mshazari vinavyopitisha upepo hata mvua ikinyesha. Ukitia nyavu za mbu, na utie, jua kwamba zinakata sehemu kubwa ya upepo. Ongeza upana wa dirisha mapema. Hilo ni la bwana afya na seremala kukubaliana mbele ya mwashi, kabla linta, zege ya juu ya madirisha, haijamwagwa.

Upenu na urefu wa bati

Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Juni, jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, kiasi cha nyuzi 28 kutoka utosini. Disemba liko upande wa kusini, kiasi cha nyuzi 18. Maana yake, kwa dirisha ambalo kizingiti chake cha chini kiko mita 1 na nusu chini ya upenu, upenu wa sentimita 80 unatosha kuliweka kivulini adhuhuri mwaka mzima. Upande wa kusini hata sentimita 50 zingetosha kwa jua, lakini mvua ya kusi haiji wima, basi weka 80 pande zote mbili. Mashariki na magharibi upenu hausaidii sana, maana jua huko huja chini chini. Huko punguza madirisha, panda mti, weka baraza.

Sasa tazama jambo dogo kama sentimita 80 linavyowagusa mafundi watatu. Pale Jadida mchoro wangu ulikuwa na nyumba ya upana wa mita 5.6. Seremala akapiga hesabu kichwani, akatikisa kichwa. Bati alilokuwa akinunua ni la futi 12, na kwa mwinamo wa nyuzi 20 lisingefika kutoka mgongo wa paa hadi mwisho wa upenu huo. Ama afupishe upenu, ama aunge vipande. Kuunga ni bati zaidi, misumari zaidi, na mahali pa kuvujia. Mwashi akauliza, "Nikipunguza upana sentimita 40?" Ikawa mita 5.2, bati la futi 12 likafika bila kukatwa. Mama akakubali kupunguziwa ukumbi, mradi baraza lisiguswe. Kurudisha kamba nyuma kulichukua dakika chache. Ukuta ungekuwa umeshasimama, upenu ndio ungekatwa, na jua lingekaa ndani ya vyumba vile maisha yote ya nyumba.

Upenu mrefu unashikwa na upepo. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, zifungwe kwenye ringi bimu kwa waya au vyuma vilivyozikwa ndani ya zege, na huyo anayezika ni mwashi, kwa alama alizowekewa na seremala. Liandikeni kwenye daftari.

Paa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu paa ndilo linalopika watu. Jua likiwa utosini, kila mita ya mraba ya paa hupokea kiasi cha wati 1,000, yaani kama pasi moja iliyowashwa. Paa la mita za mraba 80 ni pasi 80. Bati lililochakaa na kupiga kutu humeza sehemu kubwa ya joto hilo na kulitoa chini, vichwani mwa waliolala.

Kinga ya kwanza ni rangi. Bati jeupe au la rangi hafifu hurudisha sehemu kubwa ya jua juu lilikotoka. Kama duka lina bati jekundu na bati jeupe kwa bei moja, chukua jeupe, jirani atasema atakalo. Usipake chokaa juu ya bati; chokaa mbichi hula zinki na aluminiamu, na hewa yetu ya chumvi haihitaji msaada wa kuozesha mabati. Na ukisikia geji 28 na geji 30, ujue namba ikiwa kubwa bati ni jembamba.

Kinga ya pili ni nafasi ya hewa baina ya bati na dari, yenye njia ya kuingia na ya kutoka. Acha matundu chini ya upenu na matundu makubwa kwenye pembetatu za ncha mbili za paa, yote yakitiwa wavu dhidi ya ndege na popo. Hewa ya moto itatoka yenyewe. Mafundi wakiona hili ni jambo geni, huwaonesha kwenye simu picha za skuli ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001: paa la bati limeinuliwa juu ya dari la matofali, upepo unapita katikati. Aliyeibuni, Francis Kéré, alijenga na wanakijiji wenzake kwa udongo wao, na mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa katika usanifu majengo. Waashi wangu huitazama picha ile kimya, halafu huanza kubishana jinsi ya kuifanya kwa boriti.

Dari si lazima iwe ya ubao wa dukani. Jadida tuliweka majamvi ya miyaa yaliyosukwa na akina mama wa mtaani, yakabanwa kwa fito. Ni mepesi na yanapumua. Fundi umeme alikuja juu, na alikuwa na haki: waya na miyaa ni moto unaosubiri. Tukapatana kwamba waya zote zipite ndani ya paipu, viungio vyote vikae kwenye visanduku ukutani, na taa ziwe za LED tu, ambazo hazichemki kama balbu za zamani. Mwanamke mmoja katika wasukaji akashauri tuyapake majamvi dawa ya mchwa kabla ya kuyapandisha, si baada. Yeye hakuwamo kwenye orodha yangu ya wa kuitwa. Siku hizi namuita.

Ukuta

Watu huamini kwamba ubaridi wa nyumba za Mji Mkongwe unatokana na unene wa kuta tu. Unene upo, nusu mita na zaidi, lakini tazama na vichochoro: nyumba moja inaipa nyingine kivuli kutwa. Ukuta mnene uliopigwa na jua la alasiri hutunza joto hilo na kukurudishia usiku, na usiku wetu haupoi vya kutosha kulitoa. Basi kivuli kwanza, unene baadaye. Tofali la inchi 6 likisimamishwa linatosha kwa nyumba ya chini yenye upenu mzuri na ringi bimu. Likilazwa, unahitaji matofali nusu zaidi kwa ukuta uleule. Fedha hiyo ipeleke kwenye paa.

Mchanga umekuwa adimu, na uchimbaji wake umebanwa kwa sababu za haki kabisa. Usishawishiwe na mchanga wa pwani: chumvi yake itazila nondo ndani ya zege. Ambako ardhi ni ya mawe, kama Micheweni, tumia jiwe la nchi kavu na chokaa. Ambako udongo unafaa, tofali la kushindiliwa lenye saruji asilimia 5 hadi 8 ni zuri mno. Kuujua udongo, mwulize mfinyanzi kabla hujamuuliza mwashi. Udongo anaousifia yeye kwa chungu, wenye kunata sana, ndio usiofaa peke yake kwa tofali, maana hupasuka ukikauka. Unahitaji kuchanganywa na wa kichanga. Nje ya ukuta paka chokaa nyeupe kila mwaka.

Maji bila pampu

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 80 ni lita 1,600, na Wete tunapata mvua kama hiyo mara nyingi masika. Panga hivi: mfereji wa upenu uwe juu ya mdomo wa tangi, na sehemu ya chini ya tangi iwe juu ya bomba la jikoni. Maji yatashuka yenyewe mara mbili, wala hakuna pampu ya kulipia. Ni rahisi kusema, lakini tangi la lita 1,000 lililojaa ni tani nzima. Mwashi lazima alijengee kitako chenye msingi wake. Seremala lazima aushushe mfereji upande huohuo. Fundi bomba lazima apewe jiko, bafu na choo vikiwa mgongo kwa mgongo. Mmoja akikosa kuwamo kikaoni, tangi huishia chini, na pampu hununuliwa.

Umeme mwisho kwa kuwashwa, mwanzo kwa kupangwa

Paipu zizikwe kabla ya plasta. Feni ya dari inataka mapanga yake yawe zaidi ya mita 2.1 kutoka sakafuni na nafasi juu yake ya kuvuta hewa, kwa hiyo pandisha ukuta kozi 12 za tofali, na seremala aweke ubao mzito wa kuitundika, tena juu ya kitanda, si katikati ya chumba kwa mazoea. Swichi ziwe mahali mkono wa bibi mwenye nyumba unafika. Acha paipu moja tupu kutoka paani hadi kwenye sanduku la umeme, kwa siku utakayopata sola. Na ukiipata, usidhani mafundi wake ni wa kuletwa kutoka mbali: Kinyasini, Unguja, chuo cha Barefoot kinawafundisha akina mama wa vijijini kazi hiyo.

Kikao cha pili kiwe ukuta ukishafika ringi bimu, kabla ya zege. Fungueni daftari, msome mstari kwa mstari, kila fundi aguse kwa mkono alichoahidi: alama za kenchi, paipu, tundu la bomba.

Cha tatu kiwe baada ya masika ya kwanza na kaskazi ya kwanza, na kwa ajili hiyo bakisha sehemu ndogo ya malipo ya kila mmoja, iwe imeandikwa tangu siku ya mkeka. Seremala na fundi umeme wapande darini pamoja saa 8 mchana, mmoja atazame matundu ya hewa kama hayajazibwa na viota, mwingine aguse paipu zake kama zimechemka. Mwashi azunguke kuta za magharibi akitafuta nyufa. Aliye jikoni aseme moshi unakwenda wapi.